Maji ya Mirihi hayachotwi kwa ndoo

Kila baada ya miaka michache tunaletewa habari ile ile: maji yamegunduliwa kwenye sayari ya Mirihi (Mars)! Aliyeisoma mwaka 2008, akaisoma tena 2015 na 2018, ana haki ya kuuliza maji hayo hupotelea wapi hata yagunduliwe upya kila mara. Kinachotuchanganya ni neno lenyewe. Sisi tukisikia "maji" tunaona mto, kisima au bomba. Mirihi, maji karibu yote tunayoyajua kwa hakika ni barafu, au yamefungwa ndani ya madini. Tuyapitie moja moja madai yanayosikika mara kwa mara.

"Mirihi kuna mito inayotiririka"

Ilikuwako. Chombo cha Mariner 9 kilipiga picha za mabonde makavu yenye matawi kama ya mto mwaka 1971 na 1972. Roboti ya magurudumu Curiosity, iliyotua mwaka 2012 katika kreta ya Gale, shimo kubwa lililochimbwa na kimondo,, ikakuta tope la ziwa la kale lililogeuka mwamba. Lakini hayo ni ya zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita.

Siku hizi hewa ya huko ni nyepesi mno. Mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya ule wa usawa wa bahari hapa kwetu. Waliopanda Kilimanjaro wanajua kwamba kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kuivisha maharage. Mirihi hali hiyo imepita kiasi: mara nyingi barafu ikipata joto hugeuka mvuke moja kwa moja, haingoji kuwa maji. Chombo cha Phoenix kilitushuhudishia hilo Juni 2008 karibu na ncha ya kaskazini. Mkono wake ulichimba mfereji mfupi, vikaonekana vipande vyeupe vya ukubwa wa dadu, na baada ya siku nne havikuwapo. Vingekuwa chumvi visingetoweka hivyo; ilikuwa barafu. Mwezi uliofuata tanuri dogo la chombo hicho lilipasha udongo moto na kunasa mvuke wa maji.

"NASA ilishathibitisha maji yanayotiririka mwaka 2015"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu tangazo la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lilipigiwa tarumbeta na sahihisho likapita kimya kimya. Kilichoonekana ni michirizi myeusi kwenye miteremko, inayorefuka majira ya joto na kufifia wakati wa baridi, pamoja na dalili za chumvi zilizoshika maji. Mwaka 2017 watafiti walipima miteremko yenyewe. Michirizi ilikoma pale pale ambapo mchanga mkavu huacha kuporomoka. Maji yangeendelea kushuka hata kwenye mteremko wa pole. Tangu hapo maelezo ya mchanga mkavu ndiyo yenye nguvu zaidi.

Lile "ziwa" la 2018 nalo lisichukuliwe kama jambo lililokwisha. Rada ya chombo cha Ulaya, Mars Express, ilipata mwangwi mkali kiasi cha kilomita 1.5 chini ya barafu ya ncha ya kusini. Ziwa la chumvi linaweza kutoa mwangwi wa namna hiyo. Udongo wa mfinyanzi pia unaweza.

"Weupe wa kwenye ncha ni gesi ya ukaa tupu"

Hapana. Gesi ya ukaa (kaboni dioksidi) iliyoganda ni shuka la juu tu. Chini yake kuna barafu ya maji yenye unene wa kilomita kadhaa.

"Faida ya maji ya Mirihi ni kuwapa wanaanga maji ya kunywa"

Kunywa ni hesabu ndogo. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mkojo na jasho husafishwa na kunywewa tena, na mwaka 2023 NASA ilisema mitambo hiyo imefikia kurejesha asilimia 98 ya maji. Hesabu kubwa ni mafuta ya roketi ya kurudia nyumbani, kwani kuyabeba kutoka huku ni mzigo mzito ajabu. Umeme hutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikikutanishwa na gesi ya ukaa, ambayo ni asilimia 95 ya hewa ya Mirihi, hutoa methani, gesi inayowaka, na methani pamoja na oksijeni hurusha roketi. Oksijeni peke yake inaweza kutolewa hewani: kifaa cha MOXIE ndani ya roboti Perseverance kilitengeneza gramu 122 kati ya 2021 na 2023. Haidrojeni ndiyo haina chanzo kingine cha maana huko ila maji.

"Basi wanaanga watue penye barafu nyingi"

Barafu nyingi iko kwenye ncha, na ncha zina usiku wa miezi mingi. Phoenix yenyewe, iliyotegemea jua, ilinyamaza Novemba 2008 baridi ilipoanza kuingia. Ndiyo maana kimondo kilichoanguka nyanda za Amazonis Desemba 2021 kilifurahisha watu: kilichimba shimo la upana wa mita 150 hivi na kurusha mabonge ya barafu kwenye latitudo 35 tu kaskazini, penye jua la kutosha. Hata ikichimbwa, barafu ya hapo huenda ikahitaji kusafishwa, maana udongo wa Mirihi una chumvi za pakloreti zinazodhuru tezi ya thairoidi.

Kisha kuna kanuni za kimataifa za kulinda sayari. Bakteria wetu wakidandia chombo na kufika penye maji, hatutajua tena uhai tutakaoukuta ni wa nani. Kwa hiyo mahali panapodhaniwa kuwa na unyevu ndipo roboti zisizosafishwa kwa kiwango cha juu kabisa zinapokatazwa kukanyaga.