Nani hasa aliwafungua minyororo wagonjwa wa akili?

Eti ni kweli zamani walifungwa minyororo hospitalini kabisa?

Ndio, tena hospitali kubwa. Pale Paris kulikuwa na Bicêtre ya wanaume na Salpêtrière ya wanawake, mgonjwa anafungwa ukutani kama mbuzi miaka na miaka, na watu walikuwa wanaamini kichaa hasikii baridi kwahiyo hata blanketi la nini.

Si ndo yule dokta wa Kifaransa, Pinel, akawafungua?

Hapa ndo wengi tunapigwa chenga. Philippe Pinel alifika Bicêtre 1793 akamkuta msimamizi wa wadi anaitwa Jean-Baptiste Pussin, huyu hakusomea udaktari, alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, akaja pale kama mgonjwa wa TB ya tezi za shingo, akapona, akapewa kazi hapohapo. Yeye na mkewe Marguerite ndo walikuwa wanakaa na wagonjwa kutwa. Pussin alipiga marufuku wahudumu kuwapiga wagonjwa, na wahudumu wengine aliwachukua kutoka kwa waliopona maana hao wanajua uchungu wake. Minyororo ya Bicêtre aliitoa Pussin 1797, Pinel alikuwa ameshahamia Salpêtrière, naye Pinel akaja kufanya hivyohivyo huko baadae. Pinel mwenyewe alimsifia, ila ule mchoro maarufu wa 1876 umemweka dokta katikati, si unajua mambo ya wakubwa.

Kwahiyo wakawa huru kabisa?

Hapana jamani. Aliyechachamaa sana alivalishwa koti la mikono mirefu linalofungwa mgongoni. Afadhali kuliko chuma, lakini bado ni kufungwa.

Na Uingereza?

Kule chanzo ni msiba. 1790 Hannah Mills, Mkweka (dhehebu moja la Kikristo), alifia hospitali ya York na wenzake wa dini walikuwa wamezuiwa kumuona. William Tuke, Mkweka mwenzake na mfanyabiashara wa chai, akachangisha watu, 1796 wakafungua nyumba yao, ina bustani, wagonjwa wanalima, wanafuga sungura na kuku, wanakunywa chai kama watu wengine.

Kumbe upole unatosha, dawa za nini?

Haukutosha kwa wote, dawa kama klopromazini zilikuja miaka ya 1950 na zimesaidia wengi mno. Ukiwa na ndugu anasikia sauti au amefungiwa ndani, anzeni hospitali ya wilaya, na aliyepewa dawa asiziache ghafla kisa kaanza kulala vizuri, arudi kwanza kwa daktari wake.