Wali wa nazi: mkavu, laini au wa ukoko?

Ukitaka kuchangamsha meza ya watu wa pwani, uliza swali moja tu: wali wa nazi mzuri ni upi? Mmoja atasema ni ule unaochambuka, punje moja moja, ukidondoka mkekani unaweza kuuhesabu. Wa pili huo hautaki kabisa. Kwake wali sharti ushikane kidogo, umegeke kwa vidole na ubebe mchuzi. Wa tatu yuko kimya, anangoja sufuria iinamishwe aulize ukoko wa nani. Bado hujamfikia wa iliki na yule wa "chumvi tu, usiniharibie nazi yangu". Wote wana haki. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Watu husema ni mkono wa mpishi. Mkono upo, sikatai, lakini hizo ladha zote huamuliwa mahali patatu: nazi inapokamuliwa, tui zito linapoingia sufuriani, na moto wa mwisho. Ukipajua hapo, unaweza kupika wali anaoupenda mgeni wako hata kama wewe mwenyewe unapenda mwingine.

Vipimo nitakavyotumia ni hivi: mchele vikombe 2 (kikombe cha mililita 250, jumla kama gramu 400), nazi 1 kubwa iliyokomaa, na chumvi kijiko 1 cha chai. Wanakula watu wanne.

Tuanze na nazi, maana hapo ndipo wengi huharibu kabla hata jiko halijawashwa. Itikise karibu na sikio. Ikisukasuka na ukaisikia nzito mkononi, ni nzuri. Ikiwa kimya, maji yamekauka au yamevuja, na nyama yake huenda imeshaanza kuoza. Tazama na yale macho matatu: yawe makavu, bila ukungu wala unyevu. Ukiivunja, onja maji yake kwanza. Yakiwa na uchachu au harufu ya mafuta yaliyokaa, itupe. Nazi mbovu harabu ya nzima, na sufuriani msemo huo ni kweli tupu: kipande kimoja kibovu kikikunwa pamoja na vizuri, wali wote utakuwa na ladha ya sabuni. Ladha hiyo hutoka kwenye mafuta ya nazi yakivunjika na kuachia asidi ya loriki, na hakuna kiungo cha kuifunika.

Koroma nayo usiitumie, hata kama ni ya bure. Imeshapita udafu lakini haijafika unazi, mafuta yake bado machache, na tui lake ni jeupe kwa macho tu.

Ukikuna kwa mbuzi, acha pale unapoanza kuona rangi ya kahawia. Ile ngozi ya ndani ya kifuu hulipa tui uchungu kidogo na rangi ya kijivu. Wanaotumia blenda wanunue nazi iliyomenywa, au waimenye wenyewe kwa kisu, kisha wasage kwa vipindi vifupi. Ikisagwa mno, chicha huwa unga, hupita kwenye chujio na kuufanya wali uwe na chengachenga ulimini.

Maji ya kukamulia yawe ya vuguvugu, ya kuogea mtoto. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu nyuzi 24 za Selsiasi. Dar es Salaam au Mombasa maji ya bombani mara nyingi yanatosha, lakini Lushoto, Njombe au Nairobi asubuhi ya Julai, maji baridi yataacha nusu ya utamu kwenye machicha. Yasiwe ya moto sana pia. Huwezi kukamua kwa nguvu kitu kinachokuunguza.

Mkamuo wa kwanza tia mililita 200, finya kwa mkono mpaka chicha ilegee, chuja kwa kifumbu, kitambaa au chujio la matundu madogo. Hilo ndilo tui zito, wengine huliita kasimele, liweke kando. Mkamuo wa pili na wa tatu tia mililita 250 kila mmoja, uchanganye pamoja. Hilo ni tui jepesi. Sasa una mililita 200 za zito na 500 za jepesi, jumla 700 kwa gramu 400 za mchele. Kwa tui la kopo la mililita 400, chota mililita 200 za juu, zile nzito, na zilizobaki ongeza maji mililita 300. Litakupa kazi rahisi, ila harufu ya nazi mbichi usiitegemee.

Mchele upepete, uchambue, uoshe maji mara tatu. Kuosha huondoa vumbi la wanga linalogandisha punje, kwa hiyo apendaye wali wa kushikana aoshe mara moja au mbili tu. Kinachobadilisha zaidi ni mchele wenyewe. Wa Kyela, wa Kilombero, pishori ya Mwea: hiyo ina harufu yake ya asili, na moja ya kemikali zinazoitoa ndiyo hiyo inayonukia kwenye mkate ukitoka tanurini. Mchele wenye amilosi nyingi, aina mojawapo ya wanga, hutoa punje zinazoachana. Wenye amilosi kidogo hushikana hata ufanyeje. Ukiwa na mchele wa kushikana usipigane nao, upikie wale wanaoupenda laini.

Tena kuna mchele mpya na wa zamani. Uliotoka kuvunwa na kukobolewa majuzi bado una unyevu, unataka tui pungufu, mililita 600 zinatosha kwa vipimo vyetu. Uliokaa ghalani miezi mingi hunywa hata 800. Ndiyo sababu mtu hupika kwa kipimo kilekile mwezi wa nane na mwezi wa pili, mara moja akapata wali na mara nyingine mashendea. Punguza au ongeza kwenye tui jepesi. Lile zito liache kama lilivyo.

Sasa tui zito liingie lini? Hapa ndipo ugomvi wa mkavu na laini unapokatwa.

Kwa wali wa kuchambuka, tui zito huja mwisho. Chemsha tui jepesi na chumvi, mimina mchele, koroga mara moja tu usishike chini, funika nusu, moto wa wastani. Baada ya dakika 8 hadi 10 tui litakuwa limeshuka chini ya mchele na juu utaona vitobo vidogo vinavyopumua. Hapo ndipo mimina kasimele, geuza kutoka chini kwenda juu kwa mwiko bapa mara mbili au tatu, acha lichemke dakika mbili, kisha punguza moto na ufunike kabisa. Punje zilikuwa zimeshavimba kwa tui jepesi. Mafuta ya tui zito yanazipaka juu badala ya kuzama ndani, kwa hiyo zinaachana na kung'aa.

Kwa wali laini, tia tui lote pamoja tangu mwanzo, pamoja na mchele, na ukoroge taratibu mpaka lichemke. Kukoroga kuna sababu mbili. Kwanza tui lisikatike: protini yake ikifika karibu nyuzi 80 bila kukorogwa hugandamana, mafuta yakajitenga juu, na wali ukawa na madoadoa meupe huku sahani ikiogelea mafuta. Pili, mwiko unasugua wanga kutoka kwenye punje, tui linakuwa zito kama uji mwepesi, na huo ndio unaoshikamanisha wali. Likishachemka acha kukoroga. Ukiendelea, punje zinakatika na unapata bokoboko, na bokoboko la bahati mbaya si tamu kama lile linalopikwa kwa makusudi na nyama.

Mimi napenda wa kwanza. Lakini kwa maharage makavu yasiyo na mchuzi mwingi nitakupikia wa pili bila kusita, kwa sababu wali wa kuchambuka na maharage makavu hukukaba kooni.

Moto wa mwisho una kazi yake. Wali wa nazi hauivi kwa kuchemka peke yake; unamalizwa kwa mvuke. Kwenye jiko la mkaa, punguza makaa ya chini mpaka yabaki machache yenye majivu, weka mfuniko wa bati, palia makaa manne au matano juu yake, dakika 15 hadi 20. Joto la juu linakausha ule unyevu wa mwisho, la chini linatengeneza ukoko. Kwenye gesi hakuna makaa ya juu, na mwali unachoma mahali pamoja. Weka chuma cha chapati kati ya mwali na sufuria, moto mdogo kabisa, na uzungushe kitambaa safi kwenye mfuniko kinywe jasho lisidondokee wali. Ncha zake zifunge juu zisiguse moto. Mwenye oveni aweke nyuzi 150 kwa dakika 20, sufuria ikiwa imefunikwa vizuri na haina mikono ya plastiki.

Usifunue kila dakika mbili. Ukifunua mvuke unakimbia, na punje za juu zinabaki na kiini kigumu. Ikishatokea, nyunyiza vijiko vitatu au vinne vya maji ya moto juu, funika, ongeza dakika tano. Maji ya baridi yatashtua wali na kuufanya ulowe nje huku ndani bado mgumu. Na ukisikia harufu ya kuungua, usigeuze! Moshi umeshika tabaka la chini tu. Hamishia wali wa juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, funika, na wengi hawatajua.

Kuhusu viungo, naomba niseme wazi. Mchele wenye harufu yake hauhitaji iliki. Ukiweka iliki kwenye wali wa Kyela umelipia harufu mbili na kuila moja. Kwa mchele usionukia, iliki mbili zilizopondwa au kipande kidogo cha mdalasini kwenye tui jepesi ni sawa kabisa, na kitunguu kilichokaangwa kidogo kina wapenzi wake. Karafuu iwe moja. Ya pili inanyamazisha nazi.

Kitoweo ndicho kinachopaswa kuamua uzito wa tui. Samaki wa kupaka, kisamvu au mchuzi wa pweza vyote vimejaa nazi, kwa hiyo punguza kasimele ya wali iwe nusu, la sivyo mlaji anashiba kabla hajafurahi. Papa mkavu na ng'onda ni kinyume chake: chumvi yao ni kali, wanataka wali wa tui kamili, na chumvi ya wali yenyewe ishuke mpaka nusu kijiko. Pembeni pasikose kitu kichachu, ndimu, achari ya embe au kachumbari. Mafuta ya nazi hutanda ulimini, na uchachu ndio unaoufungua kwa tonge la pili.

Wapenzi wa kiporo cha asubuhi na chai ya rangi nao nisiwasahau, ila kwa onyo. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi kwa kupikwa, na ukikaa kwenye joto la pwani usiku kucha hutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Tui nalo huchacha haraka. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu uepuliwe. Asubuhi utakuwa mgumu, kwa sababu wanga umekaza na mafuta yameganda. Nyunyiza maji kidogo, funika, moto mdogo, upashe mpaka utoe mvuke kote. Usipokuwa na friji, pika wa kumalizika.

Imebaki sufuria yenyewe. Ukoko, au utandu kama wengine wanavyouita, ni wanga wa chini uliokaangwa na mafuta ya tui mpaka ukawa wa kahawia, na sukari kidogo ya nazi imeusaidia kubadilika rangi. Mzuri hutoka kwenye sufuria nene au chungu, kwa moto mdogo wa muda mrefu. Sufuria nyepesi hutoa duara jeusi katikati na weupe pembeni. Ukitaka ukoko mnene, baada ya kumimina kasimele usiguse chini tena, na uongeze dakika 10 za moto wa chini baada ya wali kuiva. Unapokuwa tayari utanukia kama njugu za kukaanga. Ukianza kunukia moshi umechelewa.

Pakua wali wa juu, acha tabaka la chini. Tandaza kitambaa kilicholowa maji baridi mezani, kalisha sufuria juu yake dakika tatu hadi tano. Chuma kinasinyaa, unyevu unapenya chini ya ukoko, nao unaachia. Pitisha kisu pembeni, weka sahani juu, pindua. Ukitoka mzima, ukate vipande kama keki, kila mmoja apate wake.