Paa la ghorofa ni la wote, hata wewe unayekaa chini

Ndugu zangu mnaokaa kwenye maghorofa, kuna simu moja napigiwa kila masika, injinia njoo dari inavuja huku juu. Kazi yangu ni matengenezo kwenye taasisi ya nyumba hapa Dar, kwa hiyo napanda. Juzi nilipanda jengo moja nikakuta bomba la maji ya mvua limeziba majani makavu, pembeni yake kwenye ufa umeota mti na mizizi yake ishaingia ndani ya zege. Dari ya chini yake plasta imedondoka, nondo ziko nje nyekundu kabisa. Nikauliza mara ya mwisho nani alifika huku juu, watu wakaangaliana.

Iko hivi, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, yaani nondo ikianza kuliwa inavimba na kulisukuma zege mpaka lipasuke, likishapasuka maji yanaingia zaidi, na sisi wa pwani tuna huu upepo wa chumvi unaoharakisha mambo. Kuzibua lile bomba ni kazi ya asubuhi moja. Kurudishia zege na nondo ni mamilioni.

Sasa nani alipe? Wa chini anasema paa halinihusu, lifti pia sipandi. Jamani, linakuhusu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo iko wazi, ukinunua fleti umenunua na fungu lako kwenye vitu vya pamoja, ngazi, paa, mabomba, kiwanja chenyewe, na wenye fleti wote mnakuwa chama kimoja chenye haki ya kuchangisha na kuweka kanuni. Kanuni hizo ndo zinamzuia mtu kupandisha tanki lake juu bila kuuliza. Lita 5,000 za maji ni tani 5, na paa halikupigiwa hesabu ya kila mwenye fleti kuweka lake.

Kinachoniuma zaidi ni michango. Majengo mengi yanachangia mlinzi, taka na umeme wa ngazi basi, hela ya mwezi inaisha na mwezi, siku pampu au lifti ikifa ndo mnaanza kutafutana na nusu ya watu hawapokei simu. Wekeni mfuko wa pili wa matengenezo makubwa. Tuseme mko fleti 24, kila mmoja atoe elfu 30 kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 8 na laki 6 na elfu 40, hiyo hela inapaka rangi, inaziba paa, na ikikaa miaka inanunua lifti. Ila isikae kwenye simu ya mwenyekiti! Fungueni akaunti ya chama yenye saini za watu watatu, na kila mwezi taarifa ya benki ibandikwe pale ngazini kila mtu aisome, watu hawakatai kuchanga, wanakataa kuchanga wasipoona.

Februari, kabla mvua hazijaanza, pandeni juu na fundi bomba na yule wa chini mumchukue aone kwa macho yake. Kila ufa mkiuona upigeni picha, halafu wekeni alama ya penseli pale unapoishia na tarehe, mwakani mtajua kama umetembea.