Yadi ndogo ya magari: yanayosemwa mtaani na yaliyopo kwenye hesabu

"Bosi, gari hili hili nimeliona mtandaoni Japani, bei yake hata nusu ya yako haifiki. Iliyobaki yote mnakula?"

Swali hili tunaulizwa karibu kila siku sisi wenye yadi ndogo za Dar es Salaam, na simuoni mteja kama mtu mbaya. Anachokiona kwenye simu ni bei ya FOB, yaani gari liko bandarini Yokohama au Nagoya na halijapanda meli. Ongeza nauli ya meli na bima, ndipo unafika kwenye CIF. Na hapo TRA, mamlaka ya mapato, ndiyo kwanza inaanza kuhesabu. Tena haihesabu kwa risiti yako peke yake. Wana mfumo wao wa kuthaminisha magari yaliyotumika kwa modeli na mwaka, kwa hiyo ukipata gari la bei ya kutupa mnadani, usidhani kodi nayo itakuwa ya kutupa.

Tuchukue gari la kutembelea la cc 1500, umri umezidi miaka 10, thamani ya forodha, yaani ile TRA inayoitumia kupiga kodi, shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hiyo ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni asilimia 5, lakini haupigwi kwenye milioni 10, unapigwa kwenye milioni 12.5. Hapo ni 625,000. Kisha unakuja ule ushuru wa uchakavu unaowaumiza watu, asilimia 30, nao ni juu ya milioni 12.5 ileile: milioni 3.75. VAT ya asilimia 18 inakuja mwisho, inapanda juu ya jumla yote hiyo, inatoa milioni 3 na ushee. Jumlisha. Kodi peke yake imekaribia milioni 10, sawa na thamani ya gari lenyewe, na bado hujagusa tozo ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha wala usajili. Meli ikishusha na hela yako haijakamilika, siku za bure zikiisha gari linaanza kulipiwa hifadhi kila siku.

Faida ipo, sikatai. Ila inapimwa kwa muda. Gari linalouzwa ndani ya wiki mbili kwa faida ya kawaida linanilipa kuliko linalokaa miezi mitano likisubiri mtu wa bei nzuri. Gari linalosimama betri inakufa, matairi yanakaa bapa, mlinzi analipwa, kodi ya kiwanja inalipwa, na hela iliyolala mle ndani ndiyo ingeagiza gari lingine. Mgeni wa biashara hii hawezi kuliona hilo, kwa sababu akipita barabarani anaona yadi imejaa anasema "huyu jamaa ana hela". Yadi iliyojaa magari yaleyale tangu mwaka jana, mwenyewe hapati usingizi.

"Namba E ni jipya kuliko namba D"

Dhana hii imewatia watu hasara kuliko nyingine zote. E au D ni herufi inayoanza zile tatu za mwisho kwenye namba ya usajili, na namba hiyo inasema gari liliandikishwa lini Tanzania, basi. Haisemi lilitengenezwa lini. IST ya 2005 iliyoshuka bandarini mwaka 2024 inapewa namba E, wakati X-Trail ya 2012 iliyoingia mwaka 2019 inatembea na namba D. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusiwa, ila tunalipia huo uchakavu, ndiyo maana namba mpya kabisa inaweza kukaa kwenye gari lenye umri wa kupiga kura.

Kuna kitu kidogo ambacho namba inakuambia kwa haki: gari limekula mashimo yetu kwa muda gani. Hilo lina thamani yake. Lakini umri halisi utafute kwenye kadi ya usajili wa gari, kisha uthibitishe kwenye gari. Vuta mkanda wa dereva mpaka chini kabisa, karibu na unapofungwa. Kwenye magari mengi ya Japani utakuta lebo ndogo ya kitambaa yenye mwaka. Mkanda ukisema 2006 na muuzaji anasema 2010, muulize taratibu, halafu usikilize anavyojikanyaga.

"Kilomita chache, gari zima"

Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma kirahisi, kila fundi anajua. Kinachosema kweli zaidi ni karatasi ya mnada. Minada ya Japani inakagua gari na kulipatia alama: 4.5 au 4 ni zuri, 3.5 limechoka kiasi, R au RA lilipata ajali likatengenezwa. Pembeni kuna mchoro wa gari umejaa vialama. A1 ni mchubuko mdogo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Nikiona W kwenye milango miwili na XX kwenye boneti, rangi ing'ae vipi mimi silinunui kwa bei ya gari zima. Mteja naye ana haki ya kuiomba karatasi hiyo kwa gari lililotoka mnadani. Mwenye yadi akianza kusema imepotea, punguza haraka ya kutoa hela.

"Kila gari lililopo yadi ni la mwenye yadi"

Wapi. Kwenye yadi ndogo mengi ni ya watu, tumewekewa tuuze tupate kamisheni. Ndiyo maana ukiniomba nipunguze laki tano wakati mwingine natoka pembeni kupiga simu. Siigizi, kuna mwenye mali anasubiri.

Na dalali anayeweka cha juu, yaani anaongeza bei yake juu ya ile ya mwenye gari? Wapo wanaoharibu, tena wengi, lakini yadi isiyo na madalali inauza nusu.

"Kadi ikiwa mkononi, mambo yamekwisha"

Kadi ikiwa na jina la mtu mwingine, gari bado ni la huyo mtu mbele ya TRA na mbele ya polisi. Watu wananunua, wanaandikishana kwa wakili, kadi inaingia kabatini miaka mitatu, kisa hawataki kulipa ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada ya uhamisho. Siku ya kuuza wanamtafuta mwenye jina, kumbe alishahama, au amefariki na warithi wanagombana. Kabla ya kulipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa TMS uone faini, maana deni linaandikwa kwa namba ya gari. Uliza pia kama halijawekwa dhamana ya mkopo.

"Mkikopesha mtauza zaidi"

Tutauza, kweli. Kulipwa ndiyo kazi. Benki ina mtaji wa kusubiri na wanasheria wa kufuatilia. Yadi ya magari saba haina. Anayekopesha hapa mtaani hulipwa nusu kwanza, kadi inabaki kwa jina la muuzaji, na GPS, kifaa cha kuonyesha gari lilipo, inafichwa ndani ya gari. Hata hivyo mteja akiacha kulipa mwezi wa tatu, GPS itakuonyesha tu kwamba gari liko mbali huko Kahama. Kulifuata Kahama, na mwenye kulishikilia yupo pale na familia yake, hiyo ni gharama nyingine. Kwa mtaji wangu nauza taslimu, na mteja wa mkopo namwelekeza benki, akirudi na barua yao tunaongea.