Insulini haibebi sukari

Huku Dodoma wakiongelea kisukari utasikia insulini, ile homoni ya kushusha sukari ya damu, inaibeba sukari na kuingia nayo kwenye seli, hapana jamani, haibebi kitu. Kazi yake inaifanyia nje. Kwenye utando wa seli kuna protini inaitwa risepta, ina vipande 4, viwili viko nje ndo vinaidaka insulini na viwili vimepenya utando mpaka ndani, sasa insulini ikinasa risepta nzima inabadilika umbo, ile sehemu ya ndani inaamka na kuanza kubandika fosfeti (kikemikali kidogo cha kuziwasha au kuzizima) kwenye protini zingine mpaka milango ya sukari, yaani protini za kuipitisha, ipandishwe juu kwenye utando wa seli za misuli na mafuta. Umbo ndo kila kitu hapo! Wapo wachache wanaozaliwa na risepta yenye kasoro, insulini imejaa damuni na sukari bado inapanda.