Ruhusa za Kuingia Kwenye Mifumo Baada ya Kampuni Kuungana: Dhana Potofu na Ukweli

Kampuni ya kimataifa inaponunua nyingine yenye ofisi Nairobi, Dar es Salaam na Dodoma, hurithi pia akaunti zake zote, zikiwamo za watu walioacha kazi zamani. Kuziweka ruhusa hizo chini ya usimamizi mmoja ni kazi inayostahili umakini kuliko inavyopewa, na dhana zifuatazo ndizo huiharibu.

Dhana: Kuingia mara moja kwa mifumo yote ni sawa na kutumia nywila moja kila mahali.

Mhasibu aliyeko Dodoma akifungua mfumo wa malipo uliounganishwa hivyo, mfumo huo hauioni nywila yake kabisa. Humpeleka kwenye seva kuu ya utambulisho, ambayo humthibitisha na kutoa hati ya kidijitali iliyotiwa saini na yenye muda mfupi wa matumizi, kisha mfumo wa malipo huikagua hati hiyo kabla ya kumruhusu. Viwango vya mabadilishano hayo vimekomaa: SAML 2.0 ilitoka mwaka 2005, na OpenID Connect mwaka 2014. Hofu iliyopo, hata hivyo, ina msingi, kwa kuwa seva kuu ikivamiwa madhara huenea kotekote. Kwa sababu hiyo uthibitishaji wa hatua mbili ni wa lazima, na kwa wasimamizi wa mifumo ni afadhali hatua ya pili iwe ufunguo wa usalama wa kuchomeka kwenye kompyuta kuliko namba ya siri inayotumwa kwa SMS, maana tapeli anaweza kuihamishia laini ya simu kwake.

Dhana: Mkataba ukishasainiwa, mifumo iunganishwe haraka, usafi utafanyika baadaye.

Kampuni ya hoteli ya Marriott ilikamilisha ununuzi wa Starwood, kampuni nyingine ya hoteli, mwaka 2016 bila kujua kwamba wavamizi walikuwa ndani ya mfumo wa Starwood wa kuhifadhi nafasi za wageni tangu mwaka 2014. Waligunduliwa mwaka 2018, na mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliitoza Marriott faini ya pauni milioni 18.4. Anayenunua kampuni hununua na mgeni aliyejificha ndani yake.

Ukaguzi utangulie, na kila akaunti ijulikane ni ya nani. Jina la kuingilia "jmushi" laweza kuwa la mhasibu wa Dodoma katika mfumo mmoja na la dereva wa Nairobi katika mwingine. Programu ikiyaoanisha kwa kufanana tu, dereva atajikuta na uwezo wa kuidhinisha malipo. Kitambulisho cha kuaminika ni namba mpya ya mtumishi inayotolewa na idara ya rasilimali watu kwa kampuni nzima.

Dhana: Seva ikiwa nje ya nchi, sheria zetu haziihusu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Orodha ya wafanyakazi wa tawi la Dodoma ni taarifa binafsi.

Dhana: Mtumishi akiondoka, kumfungia barua pepe kunatosha.

Mwishoni mwa Aprili 2021 wavamizi waliingia katika mtandao wa Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, kupitia akaunti ya zamani ya kuunganishwa kwa mbali, iliyokuwa haitakiwi kutumika tena na isiyokuwa na hatua ya pili ya uthibitishaji. Mwezi Mei bomba hilo likasimama kwa siku kadhaa. Barua pepe ni mlango mmoja tu. Hatari iliyo karibu zaidi nasi, tena isiyotazamwa, ni ya mtumishi aliyebaki: mhasibu anayehamishiwa manunuzi huku ruhusa za uhasibu zikiachwa wazi anaweza kuagiza bidhaa na kuidhinisha malipo yake mwenyewe. Kwa hiyo barua ya uhamisho, sawa na ya kuacha kazi, ifike kwenye mfumo mkuu siku inapotolewa, na ruhusa za awali zifutwe kabla mpya hazijafunguliwa.