"Hayo ni ya Weusi wa Hapa": Dhana Potofu Zinazotuponza Mitaani Marekani

Mimi ni wakili wa utetezi katika jimbo moja la katikati ya Marekani, na wateja wangu wengi ni familia zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Majuzi baba mmoja alinikatiza nikimweleza mwanawe namna ya kuzungumza na polisi. "Wakili, hayo ni ya Weusi wa hapa. Sisi ni wageni, watoto wetu wana adabu." Kauli hiyo nimeisikia harusini, misibani, kanisani na msikitini, na sina tena subira ya kuitikia kwa heshima na kunyamaza. Naanza nayo, na nitakaa nayo kuliko nyingine zote.

Dhana: "Sisi ni Waafrika. Kushukiwa kwa ajili ya rangi hakutuhusu."

Anayekushuku mtaani hana habari kama babu yako aliletwa na merikebu ya watumwa au wewe umeshuka kwenye ndege mwaka juzi ukiwa na karatasi za ukimbizi. Anachokiona ni ngozi, na uamuzi wake ni wa sekunde chache. Lafudhi yako, shahada yako na malezi mema uliyopewa na wazazi havimfikii, kwa kuwa hujapata hata nafasi ya kufungua mdomo.

Amadou Diallo alikuwa kijana wa miaka 23 kutoka Guinea, mchuuzi wa bidhaa ndogondogo jijini New York. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999 alikuwa mlangoni pa jengo alilokuwa akiishi, Bronx. Askari wanne waliovaa kiraia walikuwa wakimsaka mbakaji, wakaona anafanana na mtu wao. Alitoa pochi mfukoni, wao wakaona bastola. Walifyatua risasi 41, na 19 zikampata. Mwaka uliofuata mahakama iliwaachia huru wote wanne. Alfred Olango, mkimbizi kutoka Uganda, aliuawa na polisi mjini El Cajon, California, Septemba 2016. Dada yake ndiye aliyepiga simu kumwombea msaada, na kitu alichokuwa nacho mkononi kilikuwa sigara ya umeme.

Kisha kuna Patrick Lyoya, ambaye jina lake nalirudia kila ninapokutana na familia mpya za Kikongo. Baba yake, Peter Lyoya, alisimama mbele ya waandishi wa habari akalia na kusema kwa Kiswahili, mkalimani akitafsiri. Walikuwa wamekimbia vita Kongo na kuingia Marekani mwaka 2014. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, askari alimsimamisha Patrick kwa sababu namba ya usajili haikuwa ya gari lile. Patrick, mwenye umri wa miaka 26, akafungua mlango akashuka. Askari akamwamuru arudi ndani. Wakakimbizana, wakakabana, wakagombea kifaa cha askari cha kupiga shoti ya umeme, na mwisho Patrick akapigwa risasi ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, ilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba kesi haitarudiwa.

Lawama ya risasi ni ya aliyefyatua. Hilo sitalipunguza hata kidogo. Lakini ninapoitazama video ya tukio lile, mlango unapofunguka naona tabia yetu. Kwetu dereva aliyesimamishwa na trafiki hushuka, humsalimu afande, na mazungumzo hufanyika nyuma ya gari. Ni heshima, na mara nyingi ndiyo njia ya kuyamaliza. Askari wa hapa amefundishwa kwamba anayeshuka bila kuambiwa huenda anakuja kushambulia. Kwa hiyo nawaambia wateja wangu, na naomba mtu awafundishe wazee wetu walioanza kuendesha gari wakiwa wamekuja kulea wajukuu: kaa ndani, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, weka mikono juu ya usukani, na usipeleke mkono kwenye droo kabla ya kusema unachokwenda kuchukua. Akikuamuru ushuke, hapo shuka. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa uwezo huo tangu mwaka 1977.

Na anayedhani hatari iko kwa polisi peke yao amsikilize Ralph Yarl. Wazazi wake walihamia kutoka Liberia. Aprili 2023, akiwa na miaka 16, alitumwa kuwachukua wadogo zake nyumbani kwa rafiki yao huko Kansas City, Missouri. Nyumba ilikuwa Northeast 115th Terrace. Yeye akaenda Northeast 115th Street. Alibonyeza kengele akasubiri. Mwenye nyumba, mzee wa miaka 84, alimpiga risasi ya kichwa kupitia mlango wa kioo, kisha ya mkono. Aliwaambia polisi kwamba umbo la mgeni wake lilimtia hofu. Mtoto yule alikuwa na adabu zote ambazo baba niliyemtaja hapo juu anazisifia. Mzee aliachiwa usiku uleule, akashtakiwa siku 4 baadaye, watu wakiwa wameshaandamana. Alikiri kosa Februari 2025, akafariki siku chache baadaye kabla ya kuhukumiwa. Ralph, namshukuru Mungu, alipona.

Siku 2 baada ya tukio hilo, Kaylin Gillis, msichana Mzungu wa miaka 20, aliuawa katika kijiji cha jimbo la New York kwa sababu gari alilopanda liliingia kwenye njia ya nyumba isiyo yao. Aliyempiga risasi alipata kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Kwa hiyo ndiyo, kukosea nyumba katika nchi yenye bunduki nyingi kiasi hiki ni hatari kwa yeyote. Ngozi nyeusi humwongezea hatari mtoto wako, na adabu haiiondoi.

Ushauri wangu kwa hili ni mmoja na naurudia mpaka watoto wanachoka: andika anwani kamili, na neno la mwisho pia. Street, Terrace, Court na Drive zinaweza kubeba namba ileile katika mtaa uleule. Ukifika, mpigie simu uliyemjia atoke nje. Usizunguke nyuma ya nyumba kutafuta mlango wa jikoni kama tulivyozoea kwa majirani wetu kule.

Dhana: "Raia ana haki ya kumfukuza na kumkamata mtu anayemshuku."

Hii huniletea wanaume waliokwisha kununua nyumba, wakafunga kamera, kisha wakanunua bunduki. Tumetoka mahali ambapo mtu akipiga kelele za mwizi mtaa mzima hutoka, na kesho gazeti huandika kwamba marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Sikiliza kilichotokea Georgia.

Tarehe 23 Februari 2020, Ahmaud Arbery, kijana Mweusi wa miaka 25, alikuwa akikimbia katika mtaa wa Satilla Shores karibu na Brunswick. Aliingia kuangalia nyumba iliyokuwa ikijengwa, akatoka bila kuchukua kitu. Wazungu watatu walimfukuza kwa magari mawili ya pikapu, mmoja akarekodi, mwingine akamwua kwa bunduki ya marisawa. Mwendesha mashtaka mmoja aliandika kwamba hakuna sababu ya kuwakamata, akitegemea sheria ya jimbo ya mwaka 1863 iliyomruhusu raia kumkamata mwenzake. Tazama mwaka huo: utumwa ulikuwa bado halali Georgia. Wauaji walikaa majumbani mwao zaidi ya miezi miwili mpaka video ilipovuja mwezi Mei. Novemba 2021 juri iliwatia hatiani kwa mauaji. Wote watatu walihukumiwa maisha, wawili kati yao bila nafasi ya kuachiwa mapema, kisha mahakama ya shirikisho ikawatia hatiani kwa uhalifu wa chuki. Sheria yenyewe ilifutwa Mei 2021.

Walisema walimshuku. Mahakamani shaka haikutosha: hata ile sheria ya zamani ilitaka kosa litendeke mbele ya macho yako au ulijue papo hapo. Majimbo mengine yana masharti yake, na sijaona hata moja linalokulinda kwa kumfukuza mtu kwa sababu humjui.

Ndugu yangu Mwafrika mwenye bunduki, kuna jambo la ziada kwako. Novemba 2018 huko Robbins, Illinois, Jemel Roberson, mlinzi Mweusi wa baa, alikuwa amemdhibiti mtu aliyehusika na ufyatuaji wa risasi. Polisi walipofika, mmoja wao akampiga risasi yeye. Ukisimama barabarani usiku na bunduki, afande anayeshuka garini hajui nani mwenye nyumba na nani mwizi.

Dhana: "Mlinzi wa mtaa ni kama sungusungu."

Hapana. Sungusungu wa Tanzania walikuja kutambuliwa na sheria. Mpango wa ulinzi wa mtaa wa Marekani, uliopewa nguvu na chama cha kitaifa cha masherifu mwaka 1972, unamtaka mkazi aangalie na kutoa taarifa, asibebe silaha na asimfuate mtu. Hana mamlaka kuliko mpita njia. George Zimmerman alikuwa mlinzi wa namna hiyo mjini Sanford, Florida. Februari 2012 alimfuata Trayvon Martin, mtoto wa miaka 17 aliyekuwa akirudi kutoka dukani na pakiti ya peremende na kopo la kinywaji. Mpokea simu wa polisi alimwambia wazi kwamba hawamhitaji afanye hivyo. Dakika chache baadaye Trayvon alikuwa amekufa.

Dhana: "Florida ilimwachia Zimmerman kwa sheria ya kutorudi nyuma, kwa hiyo nami nalindwa."

Mawakili wake hawakuomba kinga maalumu inayotolewa na sheria hiyo ya mwaka 2005 kabla ya kesi. Walijenga utetezi wa kawaida wa kujihami, ingawa maneno ya sheria yalisomwa kwa juri. Sheria hizo hukuondolea wajibu wa kukimbia kwanza unapovamiwa mahali ulipo kihalali. Hazikupi ruhusa ya kumfuata mtu, na ukiwa wewe ndiwe mchokozi, kinga yako inaweza kuyeyuka.

Dhana: "Wakisaka Weusi, uhalifu hupungua."

New York ilijaribu kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2011 polisi waliwasimamisha watu mara zaidi ya 685,000, wengi mno wakiwa Weusi na Walatino, na karibu 9 katika kila 10 waliachwa bila kukamatwa wala kuandikiwa kosa. Agosti 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba namna ilivyofanywa ilivunja katiba. Kufikia 2017 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban 11,600, na mwaka huohuo mauaji jijini yalikuwa chini ya 300. Kwa mji ule hiyo ni idadi ndogo ya kihistoria. Anayeshikilia dhana hii aeleze hesabu hiyo.

Dhana: "Kupiga 911 au kuweka picha kwenye programu ya majirani hakumdhuru mtu."

Simu moja huleta watu wenye silaha kwa mtu ambaye labda anasubiri basi. Tangu 2020 jimbo la New York na jiji la San Francisco yamempa aliyepigiwa simu kwa ajili ya rangi yake njia ya kumshtaki aliyepiga. Mtandao wa Nextdoor ulibadilisha fomu zake mwaka 2016 baada ya wakazi wa Oakland kulalamika: ukitaja rangi ya mtu, fomu hiyo ilikudai pia mavazi na alama nyingine, na kwanza ilikuuliza amefanya nini.

Jiulize swali hilohilo kabla ya kupiga. "Anavunja dirisha la gari" ni taarifa. "Kuna kijana Mweusi simfahamu" si taarifa, na baadhi yetu tunaipiga simu hiyo, tukiwa tumehamia mitaa mizuri, kuhusu watoto wa majirani wanaofanana na wetu.